Noailles, Marseille: siku kumi na nane kabla ya jengo kuanguka

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 5 Novemba 2018, saa tatu na dakika chache, majengo mawili yaliyopakana katika mtaa wa Noailles, jijini Marseille, yalianguka kwa mpigo mmoja. Yalikuwa nambari 63 na nambari 65 za barabara ya Aubagne. Nambari 63 haikuwa na mtu. Milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Nambari 65 ilikuwa na watu, na wanane kati yao walikufa: watano wapangaji, watatu wageni wao. Walitoka Ufaransa, Italia, Senegal, Algeria, Tunisia na Komoro. Nambari 67, jirani wa upande wa pili, nayo ilibomoka kwa sehemu siku hiyohiyo uokoaji ukiendelea.

Waliojua hali ya nambari 65 walikuwa wengi. Wapangaji walijua, wamiliki walijua, meneja wa jengo alijua, ofisi ya jiji ilijua. Kila mmoja alishika kipande chake, na hakuna aliyesimama akalitazama jengo zima, toka chini ya ardhi hadi kwenye paa, pamoja na majirani wake wawili. Tutakifuata kisa hiki kwa njia hiyo: jengo lilikuwa limesimama vipi, nani alikuwa na mamlaka gani, na mpangaji wa jengo kama hilo ana njia zipi mkononi.

Mtaa wenyewe

Noailles uko katika wilaya ya 1 ya Marseille, umebanwa kati ya barabara kuu ya Canebière, inayoteremka hadi bandari ya kale, na mwinuko wa Cours Julien kwa juu. Wenyeji wanauita tumbo la Marseille, maana jiji zima linakuja hapo kununua chakula. Kwenye soko la Capucins na vichochoro vyake utapata mizeituni, samaki, bamia, mihogo, ndizi za kupika, viungo vya kila aina na bucha za nyama halali. Duka la mitishamba la Père Blaize lipo tangu 1815, na duka la vyombo na zana la Maison Empereur tangu 1827. Metro na tramu zinasimama hapohapo.

Juu ya maduka hayo ndiko watu wanakoishi, tena kwa msongamano. Mwenye kufika Marseille jana anapata pa kulala kwa ndugu, anakaa kwa mkataba wenye jina la mtu mwingine, anatafuta kazi kwa miguu. Ngazi moja wanapanda mwanafunzi wa sanaa, mzee aliyezaliwa mtaani, baba wa Kialjeria aliyefika miaka ya 1960 na kijana Msenegali aliyefika juzi. Wakomoro ndio wanaotuunganisha sisi wa pwani na mtaa huu. Walianza kufika Marseille wakiwa mabaharia kwenye meli za Kifaransa, wengine wengi wakafuata katika miaka ya 1970 na 1980, na leo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao sasa wakiishi mitaa ya kaskazini ya jiji. Mmoja wa waliokufa nambari 65 alikuwa mama Mkomoro mwenye watoto. Habari zake zilipokelewa Moroni kama msiba wa nyumbani.

Jengo la madirisha matatu

Majengo ya kale ya katikati ya Marseille mengi yana umbo moja, nalo linaitwa kwa jina hilo: madirisha matatu, kwa kuwa uso wa kila ghorofa una madirisha matatu. Upana ni karibu mita 7, kipimo kilichotokana na urefu wa boriti za mti zilizoweza kupatikana enzi hizo. Kwenda ndani ni mita 12 hadi 15, na juu ghorofa tatu hadi tano. Mengi ni ya karne ya 18 na ya 19.

Mzigo wa jengo hilo unabebwa na kuta mbili za pembeni, na kila mmoja wa kuta hizo ni wa pamoja na jirani. Zimejengwa kwa mawe yasiyochongwa, yakaunganishwa kwa chokaa, mara nyingi chokaa yenye udongo mwingi. Boriti zinavuka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, vichwa vyake vimechomekwa ndani ya mawe. Juu ya boriti kuna mbao, kifusi, kisha vigae vyekundu vya udongo vyenye pembe sita. Ukuta wa mbele, ule ambao mpita njia huuona na kuuamini, kazi yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: unajibeba wenyewe na kufunga nyumba. Chini kabisa kuna vyumba vya chini ya ardhi, na humo matao na nguzo ndizo zinazopokea yote yaliyo juu.

Piga hesabu kidogo. Sakafu ya mita 7 kwa 12 ina mita za mraba 84. Kanuni za ujenzi za Ufaransa huweka kilo 150 kwa kila mita ya mraba katika makazi kwa ajili ya watu na vyombo vyao peke yake. Hizo ni tani 12 na nusu kwa ghorofa moja, kabla hujapima boriti, vigae, kifusi na kuta. Zidisha kwa ghorofa zote, halafu fikiria kuwa uzito huo unateremka hadi kwenye mawe ambayo huenda hayajakaguliwa tangu alipoondoka fundi aliyeyapanga.

Adui wa kwanza wa jengo hili ni maji. Bomba la maji machafu linalovuja chini ya ardhi, mfereji wa paa ulioziba, bafu lililowekwa mahali pasipokusudiwa bafu: kila kimoja kinapeleka unyevu ndani ya ukuta. Chokaa inalainika na kutoka kidogokidogo, mawe yanabaki yamekaliana bila kushikana. Kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeona, huku sehemu ya boriti inayoonekana chumbani ikiwa nzima. Kwenye vyumba vya chini ya ardhi, maji yanachukua udongo ulio chini ya nguzo. Siku za mwanzo baada ya ajali, mvua kubwa ilitajwa. Mvua ilikuwepo kweli, lakini jengo lililotunzwa hunyeshewa kwa miaka mia mbili likabaki limesimama.

La pili ni gumu zaidi kuliona, na ndilo lililo kiini cha kisa hiki. Kuta nyembamba za kugawa vyumba hazikujengwa zibebe kitu. Boriti zikizeeka zinapinda, na zikipinda zinazikalia kuta hizo. Baada ya vizazi vitatu au vinne, ukuta mwembamba wa ukumbi umeshakuwa nguzo bila mtu kuamua iwe hivyo. Fundi akiuvunja ili apate sebule kubwa au duka pana, sakafu ya juu inapoteza tegemeo. Ukuta huo ukianza kufura tumbo, anayeuona kama ukuta mbovu wa kupigwa plasta upya amekosea ugonjwa. Ukuta mwembamba hufura kwa sababu unabanwa. Kuna kitu juu yake kilichoshuka, au kuna kitu chini yake kilichokubali kushuka.

Na la tatu ni jirani. Kwa kuwa ukuta unachangiwa, jengo tupu lililoachwa wazi kwa mvua linaoza upande wako pia. Ghorofa zake zikiondolewa au zikianguka ndani, ukuta wa pamoja unapoteza boriti zilizokuwa zikiukaza kutoka upande ule. Majengo haya yamesimama kwa kuegemeana mabega kama watu waliochoka kwenye foleni. Nambari 63 ilikuwa mali ya Marseille Habitat, kampuni ya makazi iliyo chini ya jiji lenyewe. Wataalamu walioteuliwa na majaji wa uchunguzi walihitimisha kwamba nambari 65 ndiyo iliyoanza, ikavuta nambari 63 pamoja nayo.

Tarehe 18 Oktoba

Siku kumi na nane kabla ya kuanguka, ukuta wa kugawa kwenye ukumbi wa kuingilia wa nambari 65 ulionekana umefura na kutishia kuanguka. Wazimamoto walifika. Marseille kazi hiyo hufanywa na kikosi cha wanamaji, kilichoundwa mwaka 1939 baada ya moto uliounguza duka kubwa la Nouvelles Galeries kwenye Canebière mwaka uliotangulia. Wakazi wakatolewa nje.

Sheria ya wakati huo ilimpa meya njia ya haraka kwa jengo lenye hatari ya karibu: kuomba mahakama ya utawala iteue mtaalamu, naye atoe maoni yake ndani ya saa 24. Mtaalamu aliteuliwa, msanifu majengo. Ukaguzi wake ulichukua takriban saa moja. Jioni ileile wakazi waliruhusiwa kurudi, isipokuwa waliokuwa kwenye nyumba ya ghorofa ya kwanza.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame. Ukaguzi wa haraka wa jengo la aina hii una mpangilio wake, na unaanza chini. Unashuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi kwa taa yenye nguvu, unapima unyevu, unagonga nguzo na matao, unatafuta mawe yaliyotoka, chokaa iliyomwagika sakafuni kama mchanga, na maji yaliyotuama. Unapanda ghorofa moja baada ya nyingine ukitazama kama nyufa zinapangana kwa mstari mmoja wa wima, maana nyufa zinazopangana zinaonyesha tegemeo moja linaloshuka. Unafungua na kufunga kila mlango. Unaweka kitu cha mviringo sakafuni uone kinabingirika kuelekea wapi. Unaingia jengo la kulia na la kushoto, uutazame ukuta uleule kwa mgongo wake. Unawauliza wapangaji nini kimebadilika tangu mwezi uliopita. Jengo la ghorofa nyingi lenye wamiliki mbalimbali na majengo jirani mawili mabovu halimaliziki kwa saa moja.

Kuna kanuni nyingine rahisi ambayo tungependa kila ofisi ya jiji iishike. Ukishawatoa watu nje kwa sababu hujui jengo litafanya nini, usiwarudishe hadi ujue. Kulitegemeza kwa nguzo za chuma kuanzia chini ya ardhi hadi juu ni kazi ya siku kadhaa. Kuwarudisha watu na kufunga nyumba moja tu kati ya zote ni kuchukulia hatari kama jambo la chumba kimoja, ilhali mzigo unapita katika jengo zima.

Siku zilizofuata wakazi walieleza nyufa zinazopanuka na milango iliyogoma. Mlango unaogoma katika jengo la mawe ni habari nzito. Fremu ilikuwa mraba. Ikiwa mlango haufungi tena, mraba umekuwa umbo jingine, na kilichousukuma ni sakafu au ukuta. Yupo mkazi aliyekwenda kulala kwa wazazi wake. Ujumbe ulipelekwa kwa mawakala na wamiliki. Majibu yalikuwa ya kawaida, ya kikazi, kama kwamba kilicholalamikiwa ni bomba linalovuja.

Mali ya nani, jukumu la nani

Nambari 65 haikuwa na mwenye nyumba mmoja. Ilikuwa na wamiliki wenza, kila mmoja na nyumba yake ndani ya jengo, kwa utaratibu wa sheria ya Ufaransa ya tarehe 10 Julai 1965. Kuta kubwa, paa, ngazi na vyumba vya chini ni mali ya wote. Kila mmiliki ana fungu lake la hisa, kura yake kwenye mkutano mkuu inalingana na fungu hilo, na gharama vilevile. Mkutano unamwajiri meneja wa jengo, ambaye Wafaransa wanamwita syndic.

Utaratibu huo unafanya kazi vizuri pale wamiliki wanapoishi ndani ya jengo. Noailles, wengi wanapangisha. Mmiliki anayeishi mbali anapokea kodi kila mwezi na bili ya matengenezo mara moja kwa muda mrefu. Anapiga kura ya hapana, au anaahirisha, au halipi. Mmoja asipolipa, mkandarasi haanzi. Mipaka ya ukuta wa pamoja inaongeza kesi: wamiliki wa 65 na mwenye 63 walikuwa na mgogoro wa miaka mingi, wataalamu wakija na kuandika ripoti, ripoti zikienda kwa mawakili. Wakati mgogoro ukisubiri tarehe, chokaa haisubiri.

Kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya 1965 kinampa meneja wa jengo uwezo ambao wapangaji wengi hawaujui: kukiwa na dharura inayotishia uhai wa jengo, anaweza kuagiza kazi kwa uamuzi wake mwenyewe bila kungoja mkutano, kisha awaite wamiliki mara moja. Kwa hiyo jibu la "tunasubiri mkutano mkuu" halitoshi pale ukuta unapofura. Mwenye kulipokea jibu hilo anaweza kulijibu kwa maandishi akitaja kifungu chenyewe.

Jiji nalo halikukosa taarifa. Mwaka 2015 ripoti iliyoandikwa na Christian Nicol kwa ajili ya wizara ya makazi ilikadiria kuwa Marseille ilikuwa na makazi 40,000 yanayohatarisha afya au usalama wa watu 100,000 waliokuwa wakiishi humo. Jean-Claude Gaudin alikuwa meya tangu 1995. Miaka mitatu ilipita kati ya ripoti ile na barabara ya Aubagne. Ofisi iliyopaswa kufuatilia maelfu ya majengo ilikuwa na watu wachache, na amri nyingi zilizotolewa hazikufuatiliwa hadi mwisho.

Baada ya vumbi

Miili ilitolewa ndani ya siku chache, kifusi kikiondolewa kwa uangalifu kwa sababu majengo ya jirani yalikuwa yakitikisika. Tarehe 10 Novemba watu waliandamana kimya kuwakumbuka waliokufa, na njiani baraza ya juu ya jengo jingine ikaanguka ikajeruhi waandamanaji. Jiji likaanza kuhamisha watu kwa kasi. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 5,000 walitolewa majumbani mwao Marseille.

Watu hao walipelekwa hotelini. Hoteli ina kitanda. Haina jiko, haina mahali pa mtoto kufanyia kazi ya shule, na mara nyingine ilikuwa upande wa pili wa jiji, mbali na shule yenyewe. Familia zilikaa hivyo wiki, nyingine miezi. Wengine walitolewa kwa neno la mdomo tu, amri iliyoandikwa ikachelewa, na bila amri hiyo haki zao zote zilikuwa zinaning'inia. Kikundi cha wakazi na ndugu wa marehemu, Collectif du 5 novembre, kilisukuma jambo hili hadi mwezi Julai 2019 mkataba wa kuwapatia watu makazi ukatiwa saini kati ya jiji, serikali kuu na vyama vya wakazi. Mkataba huo haukuletwa na huruma ya ofisi yoyote. Ni kazi ya watu waliokaa vikao vya usiku wakijifunza sheria kifungu kwa kifungu huku wenyewe wakilala hotelini.

Mwezi huohuo mpango wa miaka 15 wa kukarabati katikati ya jiji ulisainiwa. Tangu Oktoba 2019 anayetaka kupangisha nyumba Noailles lazima kwanza aombe kibali cha kupangisha. Ofisi ina mwezi mmoja kujibu, na ikikaa kimya kibali kinahesabiwa kimetolewa. Kupangisha bila kuomba kunaweza kutozwa hadi euro 5,000, na kupangisha baada ya kukataliwa hadi euro 15,000. Ni hatua njema, ila tuiseme kasoro yake wazi: kibali kinatazama nyumba inayopangishwa. Waya, dirisha, unyevu wa bafuni, ukubwa wa chumba. Nguzo ya chini ya ardhi, ambayo ndiyo inayoamua nani ataamka kesho, iko nje ya mlango wa nyumba hiyo.

Tarehe 9 Aprili 2023 majengo mengine yalianguka Marseille, barabara ya Tivoli, na watu wanane wakafa tena. Watu wengi mitandaoni huchanganya visa hivi viwili. Tivoli ulikuwa mlipuko wa gesi. Aubagne ulikuwa uchakavu ulioachwa ukomae. Tahadhari zake hazifanani.

Mahakamani

Majaji wa uchunguzi walifikisha mahakamani washtakiwa wanne: naibu meya wa zamani aliyesimamia kinga ya majanga, mtaalamu wa tarehe 18 Oktoba, Marseille Habitat, na kampuni iliyosimamia nambari 65. Familia na wakazi hawakuridhika. Sheria ya Ufaransa inamruhusu mwathirika kumwita mshtakiwa moja kwa moja mbele ya mahakama, na kwa njia hiyo waliongezwa kumi na wawili, wakiwemo wamiliki wa nyumba. Ndiyo maana kesi ilikuwa na washtakiwa 16. Bila hatua hiyo ya familia, wamiliki waliopokea kodi hadi mwisho wasingekaa kwenye benchi.

Kesi ilisikilizwa kuanzia tarehe 7 Novemba hadi katikati ya Desemba 2024, na hukumu ikasomwa tarehe 7 Julai 2025. Naibu meya wa zamani alipewa miaka miwili ya kifungo kilichoahirishwa, yaani asiingie jela asipotenda kosa jingine, na mtaalamu vivyo hivyo. Adhabu nzito zaidi ilimwangukia mmiliki mmoja aliyekuwa wakati wa ajali makamu wa rais wa baraza la mkoa na pia wakili wa kampuni iliyosimamia jengo: miaka minne, miwili kati yake ya kutumikiwa nyumbani kwa bangili ya kielektroniki. Hukumu hiyo ni ya ngazi ya kwanza, na rufaa zimekatwa.

Kwa anayeishi ndani ya jengo kama hilo

Wasomaji wetu walio Marseille, Lyon, Saint-Étienne au miji midogo ya Ufaransa yenye katikati ya kale wanaweza kuanza na ufa wenyewe. Wataalamu wa Ufaransa hugawa hivi: chini ya milimita 0.2 ni ufa mdogo wa juujuu. Kati ya 0.2 na 2 ni ufa wa kufuatilia. Zaidi ya milimita 2 ni ufa mkubwa, unaopaswa kutazamwa na mjuzi wa miundo. Lakini upana wa leo hausemi mengi kama mwendo. Paka kibandiko chembamba cha plasta juu ya ufa, andika tarehe juu yake. Kikipasuka, jengo linatembea. Piga picha pamoja na rula au sarafu, mahali palepale, kila wiki. Picha moja ni malalamiko. Picha sita zenye tarehe ni ushahidi.

Dalili zisizongoja barua ni hizi: mlango uliokuwa ukifunga jana unagoma leo, plasta inadondoka yenyewe, ukuta unafura, mlio wa kuti kuti ndani ya ukuta au boriti, sakafu inayoshuka kwenye kona. Hapo toka nje, toa na majirani, piga simu ya dharura, 18 au 112. Usirudi kuchukua televisheni. Mkoba wenye mkataba, risiti za kodi, vitambulisho, karatasi za bima na dawa uwe karibu na mlango siku zote.

Kwa yaliyobaki, andika. Barua ya rejista yenye hati ya kupokelewa iende kwa mwenye nyumba, nakala kwa meneja wa jengo na kwa ofisi ya jiji inayohusika na usalama wa majengo. Taarifa inaweza pia kuwekwa kwenye jukwaa la serikali liitwalo Signal Logement, zamani Histologe. Ofisi za ADIL hutoa ushauri wa sheria za makazi bila malipo. Simu pekee haiachi alama, na mahakama ya Marseille ilipotafuta nani alijua nini na lini, barua na ujumbe wenye tarehe ndivyo vilivyosema.

Tangu tarehe 1 Januari 2021 amri rasmi kuhusu jengo lenye hatari, iliyokuwa ikiitwa amri ya hatari, inaitwa arrêté de mise en sécurité, yaani amri ya kulinda usalama. Hiyo ndiyo karatasi ya kuidai ukiambiwa uhame. Ikishatolewa, kodi inasimama kuanzia siku ya kwanza ya mwezi unaofuata kutumwa kwake au kubandikwa kwake jengoni. Ukikatazwa kuishi humo kwa muda, mwenye nyumba anatakiwa akupatie mahali pa kukaa kwa gharama yake. Ukikatazwa moja kwa moja, akupatie makazi mengine pamoja na fidia ya miezi mitatu ya kodi yako mpya. Asipofanya, mamlaka inafanya kisha inamdai yeye. Kumtisha mpangaji ili aondoke na kuzikimbia gharama hizo ni kosa la jinai, lenye adhabu ya hadi miaka mitatu jela na euro 100,000.

Wengi wa ndugu zetu wanaokaa kwa jina la mtu mwingine hudhani haya hayawahusu, na hunyamaza wakiogopa kufukuzwa. Sheria inamtaja pia aliyepangishwa na mpangaji, na anayeishi humo kwa nia njema. Kinachohitajika ni kuonyesha kuwa unaishi hapo: barua zilizofika kwa anwani hiyo, risiti ya umeme, karatasi ya shule ya mtoto, malipo uliyofanya kwa benki. Kodi inayolipwa taslimu bila risiti ndiyo inayowaangusha wengi siku ya uhamisho, kwa hiyo dai risiti tangu mwezi wa kwanza, hata kama anayekupokea ni ndugu.

Amri ikiondolewa baada ya matengenezo, mkataba wa zamani unaendelea kwa muda uliokuwa umebaki, na kodi inaanza kudaiwa tena siku ya kwanza ya mwezi unaofuata taarifa ya kuondolewa kwake. Aliyetozwa kabla ya hapo anaweza kudai arudishiwe au ikatwe kwenye kodi inayofuata.